Kasyoka na Bei ya Kodiani

"Mtamba hauzwi!" Musembi alisema, amesimama mbele ya lango la zizi. "Ana mimba ya kwanza. Umuuze ununue kelele?"

"Si kelele, ni kodiani," mkewe Kasyoka alijibu. "Na Kiema yuko njiani kuja kumchukua."

"Kiema arudi alikotoka! Kwani kodiani inakamwa?"

Kasyoka alipokuwa msichana katika shule ya misheni, mwalimu wake alimfundisha kupiga kodiani, kile kinanda kinachovutwa kwa mikono miwili. Mwalimu akahamishwa, akaondoka nayo. Kasyoka akaolewa, akamzaa Mutunga, akalima. Lakini kila Jumapili, kwaya iliposimama kuimba bila ala, vidole vyake vilicheza chini ya leso, vikitafuta vibonye ambavyo havikuwepo.

Kwa miaka mingi alisuka vyondo na kuviuza sokoni Kabati. Akiba yake ilifika shilingi mia na ishirini. Katalogi, kitabu cha bei cha duka moja la Nairobi, ilisema kodiani ni shilingi mia mbili. Ndiyo maana mtamba alikuwa hatarini.

"Basi nenda uombe wakupunguzie," Musembi alisema.

"Bei imepigwa chapa! Umesahau wakati wa vita? Bei ya chumvi ilibandikwa dukani, na aliyeichezea alipelekwa kortini. Unataka nifungwe?"

"Hodi wenye mji! Leo mnapika nini, pilipili?"

Alikuwa Bi Tima, mke wa Hemedi mwenye duka la nguo Kabati. Alikuja kuchukua vyondo. Musembi akamweleza ugomvi wote, na Bi Tima akacheka hadi akashika mbavu.

"Masikini Mama Mutunga! Ile bei ya vita ilikuwa mwisho wa juu. Mwenye duka alishtakiwa kwa kuipandisha. Ulisikia nani amefungwa kwa kuuza rahisi?"

Kasyoka alifikiri. Hakumkumbuka hata mmoja.

"Bei ya katalogi ni bei anayoitamani muuzaji," Bi Tima aliendelea. "Bei ya kweli ni ile watu wanayolipa. Mimi nikifungua robota la leso, nataja bei. Leso zikikaa zikila vumbi, naishusha. Kodiani nayo ni mali. Ikikaa dukani, pesa za mwenye duka zimelala."

"Na nitaijuaje hiyo bei ya kweli?"

"Waulize walionunua walilipa nini. Ndugu yangu Salim alinunua ya aina hiyo hiyo Machakos. Katalogi mia mbili, yeye akatoa mia na thelathini. Tena ingia zaidi ya duka moja. Ijaribu kabla ya kulipa. Na usiitazame kama mwanao aliyepotea! Mwenye duka akiyaona macho hayo, hashuki hata senti."

Hapo Kiema akatokea na kamba begani. "Mtamba wangu yuko wapi?"

Kasyoka alimtazama mumewe, kisha akamgeukia mgeni. "Nisamehe, Kiema. Hauzwi."

"Watu wa kanisa! Jana ndiyo, leo siyo," Kiema alinung'unika, akaenda zake.

Jumatatu lori lililobeba bidhaa za Hemedi lilikwenda Machakos. Kasyoka na Bi Tima wakapanda.

Katika duka la kwanza kodiani ilikuwa nyekundu, inang'aa. Kasyoka aliivaa mabegani. Ilinukia ngozi mpya.

"Mia mbili, mama," muuzaji alisema. "Bei hii hapa, soma mwenyewe."

"Huwezi kushuka?"

"Hata kidogo."

Mikono yake ilikataa kuiachia. Bi Tima akakohoa. Kasyoka akaivua, akaiweka juu ya meza, akatoka bila kugeuka nyuma. Barabarani machozi yalimlengalenga.

"Utalia ukifika nyumbani," Bi Tima alisema. "Kuna duka jingine. Tembea."

Katika duka la pili kodiani ya aina ile ile ilikuwa dirishani. Ubavu mmoja ulikuwa umepauka. Bei iliyoandikwa ilikuwa mia mbili vilevile. Kasyoka aliivuta polepole bila kugusa kibonye, akasikiliza kama inavuja hewa. Haikuvuja. Akabonyeza vibonye kimoja kimoja.

"Hiki kimekwama," alisema. "Na rangi imeliwa na jua. Nitakupa mia."

"Mia! Unaninyonga, mama. Lete mia na hamsini."

"Imekaa dirishani tangu lini?"

Muuzaji akakuna kichwa. "Haya, mia na thelathini."

"Mia na kumi, na utengeneze kibonye hiki mbele yangu."

Muuzaji alimtazama Kasyoka, akamtazama Bi Tima, akaona hapana mlango wa kutokea. Akachukua bisibisi. Kibonye kikalegea. Kasyoka akakijaribu tena na tena, akalipa papo hapo, akaomba risiti.

Hakungoja kufika nyumbani. Alikaa barazani mwa duka, akaifungua kodiani, akaanza wimbo wa kanisani. Sauti ya kwanza ilikosea. Ya pili ikakaa sawa, na ya tatu ikaifuata. Wapita njia wakasimama.

Dereva wa lori akapiga honi. Kasyoka akataka kuifunga.

"Wimbo wenu siujui," Bi Tima alisema, akikaa karibu naye. "Lakini usiache. Lori litangoja."