Mwenzake Mwanaheri

Mstari ule Mwanaheri hakuuandika, na programu yote ilikuwa kazi ya mikono yake. Mwaka 2014 alitolewa Tanga akaletwa Kasulu, kwenye zahanati moja ya mjini, atengeneze programu ya kuchukua kila kilichoshikamana na mgonjwa kwenye kompyuta, ikigeuze kuwa maandishi ya JSON, mtindo wa kompyuta kupeana taarifa, na kuyatuma Dar es Salaam, ambako mtambo mwingine ungeyasoma na kumuunda mgonjwa yule yule upya. Kwa jaribio la kwanza alijiweka mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha na mtandao umekatika, kwa hiyo maandishi yakabaki foleni yakisubiri. Akayatazama kwenye kioo cha kompyuta:

{"jina": "Mwanaheri", "mimba": "miezi saba", "mwenzake": "yupo"}

Akapekua programu juu hadi chini. Hakuna mahali alipoweka mwenzake.

Aneth, muuguzi, akachungulia mlangoni. "Dada, nani kachoma udi humu?"

"Hata mimi naisikia harufu yake. Ingia basi."

Aneth hakuingia. Akanong'ona, "Dada, usigeuke. Kuna kitu kinahema nyuma yako."

Hapo Mwanaheri naye akausikia mhemo wenyewe, wa moto, ukianzia kisogoni, ukashuka begani, ukateremka ubavuni taratibu mpaka ukatua tumboni, na mtoto aliyekuwa akicheza tangu asubuhi akajikunja upande mmoja kama anayempisha mgeni kitandani, asitikisike tena. Mimba mbili zilishamtoka huko nyuma. Kuliko hii ya tatu nayo itoke, alikuwa radhi afe yeye.

Aneth alikimbilia dukani kwa Mzee Isihaka, muuza vitenge anayejua pia kusomea watu waliopandwa na majini. Mzee akaja, akaandika kombe, aya za Kurani kwa wino wa zafarani, kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akamnywesha, akasoma mpaka jasho likamtiririka. Sauti nzito ikamtoka Mwanaheri kinywani.

"Baridi ya huku imenichosha. Nataka pwani."

"Toka, uende zako."

"Natoka. Njia nimeshaipata."

Harufu ya udi ikakatika. Mtoto akapiga teke, Mwanaheri akalia kwa furaha. Akabonyeza programu itoe maandishi upya, na safari hii mwenzake hakuwemo.

"Umesafika, mwanangu," alisema Mzee Isihaka.

Mvua ikaacha, mtandao ukarudi. Programu, ambayo Mwanaheri mwenyewe aliifundisha isikate tamaa, ikaanza kutuma yale ya foleni, yaliyoandikwa kabla ya kombe. Kombe lilimsafisha yeye. Maandishi yalibaki vile vile. Alipokumbuka, akaurukia waya wa mtandao na kuuchomoa, lakini jibu lilikwisha kuingia: Imepokelewa.

Haikupita muda simu yake ikaita. Ni Rashid, mwenzake wa kazi aliyeko Dar, akipiga kwa simu ya mezani.

"Samahani, naongea na nani?"

"Rashid, ni mimi, Mwanaheri."

Rashid akashusha sauti. "Usinitanie. Mwanaheri huyu hapa mapokezi, ananyonyesha. Ndiye kaniomba nipige namba hii, eti kuna mtu Kasulu nimfikishie shukrani zake."

Mwanaheri akapeleka mkono tumboni. Dera lilikuwa limelegea, na ndani yake hapakuwa na mtoto.