Figo ni Nzima, Njia Imebana

Shomari na mkewe Zena wanauza vitenge Bagara, mjini Babati. Figo za Shomari ziliposhindwa kazi, Zena alimpa figo yake moja. Shomari alipona, akarudi dukani.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Zena aliona miguu ya mumewe imevimba.

"Baba Amna, mkojo unatoka vizuri?"

"Kidogo tu. Lakini siumwi popote."

Shomari akaketi. Kisha akasema taratibu, "Naogopa, Zena. Labda mwili umeikataa figo yako. Nilikosa pa kuanzia kukuambia. Nimesikia kijijini Sigino kuna dawa ya mizizi."

Zena akamshika mkono. "Mume wangu, ungebeba hofu hiyo peke yako? Twende kwa Mama Vitus."

Mama Vitus ni jirani yao, muuguzi mstaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona nyuso hizo?"

Wakamweleza.

"Figo ya kupandikizwa huweza kupata shida bila kuuma," alisema. "Mizizi usinywe, itaiumiza. Dawa zako usiache. Mkojo ukipungua, miguu ikivimba au ukipata homa, usingoje. Wapigieni simu madaktari wenu, muondoke leo."

Wakasafiri hadi Dodoma, kwenye hospitali iliyompandikiza Shomari figo. Madaktari wakampima damu na kumpiga altrasaundi.

"Mwili haujaikataa figo," daktari alisema. "Mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu umepata kovu, umebana. Mkojo unarudi nyuma na kuijaza figo."

"Kwa hiyo figo yangu ni nzima?" Zena aliuliza, machozi yakimtoka.

"Ni nzima. Mngechelewa, ingekufa."

Kwanza waliingiza bomba jembamba kwenye figo, kupitia tumboni, mkojo ukatokea nje kwenye mfuko. Uvimbe ulipopungua, wakapanua palipobana kwa puto dogo. Ndani wakaacha kimrija laini cha kushikilia njia, na lile bomba la nje wakalitoa.

"Hiki si cha kudumu," daktari alionya. "Lazima mrudi tukitoe. Njia ikibana tena, tutafanya upasuaji."

Walirudi siku waliyopangiwa. Kimrija kikatolewa, na vipimo vikaonyesha njia iko wazi.

Wakapanda basi la kurudi Babati. Kabla ya Kondoa, Shomari akainuka.

"Dereva, naomba kuchimba dawa."

Mbele kidogo, akaomba tena. Abiria mmoja akaguna, "Mzee, si umeshuka sasa hivi?"

Zena akacheka mpaka akajifuta macho. "Msimamishieni mume wangu," alisema. "Mkojo huu tumeulilia."