Hamira ya Bibi Robiya Yaenda Bukhara

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Oydin aliingia jikoni kumsaidia bibi yake, Bibi Robiya. Bibi alikanda, Oydin akanyunyiza ufuta, kisha wakasimama pamoja uani kando ya tanuri la udongo, wakingoja mikate iive na kung'aa. Lakini kabla ya mkate wowote kuingia tanurini, Bibi alikata donge dogo la unga uliokandwa na kulifukia ndani ya bakuli la unga mkavu. Hilo ndilo lililokuwa hamira ya kesho. Hamira ya dukani haikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile.

"Hii ilianza na bibi yake mama yangu," Bibi alipenda kusema, "na haijalala njaa hata siku moja."

Sisi watu wa Samarkand tuna majivuno mengi, na makubwa kuliko yote ni ya mkate. Mwambie mtu wa kwetu kwamba paa lake linavuja, atacheka nawe. Mwambie mkate wake ni mwepesi, mtagombana mpaka wajukuu warithi ugomvi. Kwa hiyo chama cha mapishi cha shule kilipoalikwa kuoka mkate wa Samarkand kwenye tamasha la vyakula mjini Bukhara, mtaa mzima ulikosa usingizi kwa furaha. Bukhara! Nako wana mikate yao, na midomo wanayo pia.

Mwalimu Saodat alichagua watoto watatu. Oydin alichaguliwa kwa sababu ya hamira ya bibi yake. Sarvar alikuwa mtoto wa mwokaji, na aliweza kuingiza mkono ndani ya tanuri la moto bila kupepesa jicho. Mahliyo, rafiki wa Oydin tangu darasa la kwanza, alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora maua juu ya mkate.

Jumamosi alfajiri, Bibi Robiya alilainisha nusu ya hamira, akaitia ndani ya mtungi mdogo na kuufunika kwa kitambaa; nusu nyingine ikabaki bakulini.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Treni ikifika Navoiy, mpe unga kiganja kimoja na maji kidogo. Maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yakikuchoma wewe kidole, yeye yatamuua."

"Bibi, unaizungumzia kama mtu!"

"Ni mtu. Anakula, anapumua, na asipoangaliwa ananuna."

Ndani ya treni kulikuwa na raha tupu. Mama mmoja aliyeketi mbele yao alifungua kifurushi cha mayai ya kuchemsha, na kwa kuwa kwetu hakuna anayekula peke yake safarini, behewa zima likapata. Mzee mmoja akatoa zabibu. Mahliyo akatoa sambusa za maboga. Sarvar akaiga jinsi mwalimu wa hesabu anavyopiga chafya, hata Mwalimu Saodat akajifunika uso kwa kitabu ili asionekane akicheka. Kisha wakaimba. Oydin ndiye aliyekuwa na sauti, basi kila wimbo ukiisha wakamwomba mwingine.

"Babu, hapa tumefika wapi?" Mahliyo alimuuliza yule mzee hatimaye.

"Hapa? Navoiy tumeiacha zamani, binti yangu."

Oydin aliacha wimbo katikati. Alifunua mtungi upesi. Hamira ilikuwa imekauka juu na kufanya nyufa.

"Ipe maji tu," Sarvar alinong'ona. "Si lile birika kubwa la chai lipo mwisho wa behewa?"

"Yale yanachemka, Sarvar."

"Yatapoa yenyewe. Wewe umechelewa, unataka iamke au hutaki?"

Oydin alikumbuka maneno ya Bibi, lakini hofu ya kuchelewa ilikuwa kubwa zaidi. Akajiambia kwamba kama vuguvugu ni zuri, moto utafanya kazi haraka. Akachota, akamimina, akakoroga. Hamira ikalainika vizuri sana, naye akashusha pumzi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani huikumbuka methali hiyo akiwa na haraka?

Walipokaribia Bukhara alifunua tena. Hakukuwa na povu hata moja. Ile harufu kali ya uchachu ilikuwa imetoweka, na mtungi ulinuka uji.

"Hamira inaendeleaje?" Mwalimu Saodat aliuliza huku akishusha mabegi.

"Imelala, Mwalimu," Oydin alijibu.

"Basi tusiisumbue. Jioni tutakanda, kesho asubuhi tutaoka."

Uwanja wa tamasha ulikuwa umejaa moshi mtamu. Pilau ilipikwa katika masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Kulikuwa na halua, maandazi ya nyama, samaki wa kukaanga kwa vitunguu saumu. Mahliyo alionja kila kitu. Sarvar alionja kila kitu mara mbili. Oydin alitafuna pasipo kusikia ladha.

Hema lao lilitazamana na hema la waokaji wa Bukhara, na mkuu wa waokaji hao alikuwa mama mnene mwenye kitambaa chekundu, jina lake Qumri. Alipowaona tu, alishika kiuno.

"Samarkand! Mmekuja na mkate, au mmekuja na maneno?"

"Leo tumekuletea maneno, Shangazi, mkate ni kesho," Sarvar akajibu. "Tukivitoa vyote siku moja utauhama mji!"

Waokaji wote wakaangua kicheko. Oydin peke yake hakucheka. Aliwavuta wenzake nyuma ya hema, akafunua mtungi. Sarvar alinusa, na mzaha wote ukamtoka usoni.

"Imekufa," alisema. Kisha akakimbia, akarudi na pakiti ya hamira ya dukani. "Tutatia hii. Nani atajua?"

"Bango letu limeandikwa 'Mkate wa hamira ya nyumbani,'" Mahliyo alisema.

"Bango lina ulimi?"

"Sisi tunao. Oydin, mwambie Mwalimu sasa hivi. Bado tunaweza kuomba hamira kwa mtu. Jua likizama, nani atatupa?"

Mahliyo alisema kweli. Kwetu hamira haitoki nyumbani baada ya jua kuzama, kwa maana baraka ya nyumba hutoka nayo. Hata jirani mwema kuliko wote atakuambia urudi kesho. Lakini Oydin aliitia pakiti ile mfukoni, wala hakwenda kwa Mwalimu.

Alasiri mwanamke mmoja alisimama mbele ya hema lao. "Ni kweli mna hamira ya zamani?" alimuuliza Oydin. "Mama yangu alikuwa na ya kwake kutoka kwa bibi yake. Tulipohama ikatupotea, na mpaka leo husema hajala mkate wa kweli. Kesho nitamleta aonje."

"Karibuni," Oydin alisema. Akilini alimwona bibi kizee asiyemjua akitafuna mkate wa pakiti na kushukuru. Akatazama juu. Jua lilikuwa limeanza kugusa kuta za mji wa kale.

Alimkuta Mwalimu Saodat amekunja mikono ya gauni, tayari kukanda.

"Mwalimu, usimimine unga. Hamira haijalala. Niliiua kwa maji ya moto, na nikakudanganya."

Mwalimu aliweka kikombe cha unga chini polepole. Oydin akaitoa pakiti mfukoni na kuiweka mezani; Sarvar na Mahliyo walikuwa wamemfuata.

"Birika la chai lilikuwa wazo langu, Mwalimu," Sarvar alisema akiangalia viatu vyake. "Na hii pakiti niliinunua mimi."

"Mtanipikia chai mwezi mzima, nyote wawili," Mwalimu alisema. "Haya, Oydin, unajua desturi. Aliyeiua hamira ndiye anayekwenda kubisha hodi. Sisi tutasimama nyuma yako. Na mwokaji aliye karibu ni yule pale."

Alikuwa Shangazi Qumri. Oydin akavuka njia.

"Shangazi, shikamoo. Naomba hamira."

"Ya mkate wa nani?"

"Wa Samarkand."

"Jamani, njooni msikie!" Shangazi Qumri alipiga makofi. "Samarkand wanaomba hamira Bukhara! Enhe, ya kwenu ilikufaje?"

Ilikuwa rahisi kusema kwamba imeharibikia njiani. Oydin alimtazama usoni. "Nilisahau kuilisha kwa sababu nilikuwa naimba. Halafu nikaiunguza kwa maji ya chai. Halafu nikamwambia Mwalimu imelala."

"Imelala! Usingizi wa makaburini huo!" Hema zima lilicheka, na Oydin akacheka pia huku machozi yakimtoka. Shangazi Qumri alimtazama kidogo, kisha akatupa jicho kwenye kuta za mji, akanyakua kisu na kukata donge kubwa. "Chukua upesi, jua hilo linatuaga. Na maji yawe ya namna gani?"

"Ya kumwogeshea mtoto mchanga."

"Kumbe unajua! Basi masikio yako ndiyo yaliyokuwa likizo."

Asubuhi unga ulikuwa umeumuka mpaka ukainua kitambaa. Oydin alipima madonge, Mahliyo akachora maua, Sarvar akaibandika mikate tanurini huku akijisifu tena. Ilitoka mizito, myekundu, inang'aa. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya hema wakati yule mwanamke alipofika amemshika mkono mama yake.

"Ndiyo hii hamira yenu ya zamani?" bibi kizee aliuliza.

Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. "Hapana, bibi," Oydin alisema kwa sauti. "Ya bibi yangu niliiua ndani ya treni. Hii tumepewa na Shangazi Qumri wa Bukhara."

Watu walitazamana. Kisha sauti ikanguruma kutoka hema la pili: "Hamira ya Bukhara, mikono ya Samarkand! Mnaogopa nini? Onjeni!"

Bibi kizee alikata kipande, akakinusa, akakitafuna kwa muda mrefu macho yamefumbwa. Hakusema kama ni kitamu. Aliuliza tu kama anaweza kupewa donge la kwenda nalo nyumbani. Oydin alimkatia kabla hajamaliza kuuliza, na kufikia adhuhuri hapakuwa na mkate hata mmoja uliobaki.

Bibi Robiya alikuwa uani Oydin aliporudi Jumapili jioni. Msichana hakungoja hata kuvua viatu. Alisimulia yote, wimbo, birika, pakiti, na usingizi wa makaburini. Hapo bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akafuta macho na kumwekea mjukuu wake chai.

"Ulipoficha ukweli, uliogopa nini?"

"Kwamba hutaniamini tena, Bibi."

"Na kuficha huko ndiko kulikokaribia kweli kunifanya nisikuamini." Bibi alimshika kidevu. "Kosa la maji moto ni la mtoto, linasameheka. Mimi mwenyewe nimeua hamira kwa maji moto, na jirani tuliyekuwa tumempa donge la hii yetu akanikatia. Hamira ikifa, hukosi wa kumwomba. Lakini uaminifu ukifa, mjukuu wangu, utabisha hodi kwa nani?"

Oydin alimaliza chai yake.

"Basi nenda ukalale," Bibi Robiya alisema. "Na kuanzia kesho, hamira ya nyumba hii utailisha wewe. Mimi sitakuja kutazama."