Gauni la Jenny

Huyu Gertrude alikuwa jirani wa mama yangu pale Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Miaka ile viwanda vimelala na watu wanavaa viraka juu ya viraka, kwa hiyo kazi hakukosa.

Mwaka 1995 alimzika binti yake mkubwa, Fidélie, akiwa amevaa gauni jeupe alilomshonea mwenyewe. Kitambaa kilikuwa zawadi ya jirani yao Hortense. Kabla jeneza halijafungwa, Gertrude alichukua mkasi akalichana gauni lile toka kwapani hadi kwenye pindo. Hakuwa na wazimu. Siku zile wezi walifukua makaburi kutafuta nguo, na kila familia ilikata nguo za maiti wao ili zisimfae mtu. Mkasi ulipofika kiunoni ulikwama kwenye mshono, mkato ukapinda.

Alibaki na mtoto mmoja tu, Jenny, wa miaka tisa. Alimpenda kwa hofu. Kikohozi kidogo tu, mama hali wala halali.

Mwaka uliofuata Hortense, ambaye juzijuzi tu alikuwa anauza makaa na sasa alikuwa anapanda ndege, alikuja asubuhi moja na kicheko chake.

"Mama Fidélie, weye unajua bitambaa. Twende Hat Yai, utanisaidia kuchagula. Na unipatie kipimo ya Jenny, nitamufanyizia robe."

Gertrude akaandika kipimo cha hilo gauni kwenye karatasi, akampa kwa mkono wake mwenyewe. Jenny akamwacha kwa mama yangu, wakasafiri kwa pesa za Hortense.

Hat Yai iko kusini mwa Thailand, karibu na mpaka wa Malesia. Mji haupumui kwa biashara! Maduka ya dhahabu, ngisi wa kuchomwa, korosho magunia kwa magunia, wateja waliovuka mpaka wakigombania mashuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Gertrude alicheka.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Hortense alimwambia amsubiri mlangoni mwa duka la vitambaa, akaingia. Gertrude hakusubiri. Alisikia cherehani nyuma ya pazia, na masikio ya fundi hayatulii. Akafunua.

Msichana ameinama, kampa mgongo. Kavaa gauni jeupe. Limechanwa toka kwapani hadi kwenye pindo. Mkato umepinda kiunoni. Limeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Mama," msichana alinong'ona bila kugeuka, "usiseme jina yangu."

Gertrude alishika pazia. "Nani alikuleta huku?"

Msichana alinyoosha kidole kuelekea sauti ya Hortense, mbele dukani. Chini ya sindano kulikuwa na gauni jingine jeupe, dogo. Lilikosa mkono mmoja.

"Ile ni ya nani?"

"Ya Jenny. Niko nashona polepole, mama. Miye nakawia kwa makusudi."

Gertrude aliwaza kifundi: nguo isiyokuwepo haishonwi. Akalinyakua, akalificha chini ya kitenge.

"Acha, mama! Usiipeleke kwetu, itamufikia Jenny!"

Alishakimbia.

Hakumngoja Hortense. Tiketi ilikuwa mkobani, akarudi peke yake. Likasi alimkuta Jenny uani anaruka kamba, mzima, akimcheka mama yake kwa kulia. Gauni akalifungia sandukuni. Ufunguo akauvaa shingoni.

Siku nane Jenny aliruka kamba. Ya tisa hakuamka.

Wanawake waliomwosha walitoka na lile gauni jeupe dogo. "Tumeipata chini ya muto yake," mmoja alisema. Lilikuwa na mikono yote miwili.

Gertrude alijishika shingo. Ufunguo ulikuwepo.

Wakamvisha mtoto, wakampa mama mkasi, maana wezi bado walikuwepo. Alilia kwamba hawezi. Hakuna aliyeupokea mkasi. Mwishowe aliinua mkono wa Jenny ili aanzie kwapani.

Gauni lilikuwa limeshakatwa. Toka kwapani hadi kwenye pindo, mkato umepinda kiunoni, umeshonwa kwa uzi mwekundu, na sindano ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi.