Mtaro Uliomla Ng'ombe wa Nyanjige

Kila asubuhi Nyanjige aliianza siku kwa kukamua. Hapo kwake Bariadi mjini alikuwa na ng'ombe mmoja tu aliyebaki. Wengine waliishia kwenye ukame na kwenye matanga ya binti yake. Binti huyo alimwachia mtoto wa miaka miwili, Jenifer. Uji wa Jenifer ulipikwa kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Mwaka ule wa mvua kubwa, vibarua walikuja na sururu. Walichimba mtaro wa bomba la maji, hatua tatu kutoka mlangoni pake. Watu walifurahi. Maji ya bomba!

Kisha vibarua wakapungua, na mtaro ukabaki wazi. Wiki ya pili. Wiki ya tano. Mvua iliujaza maji machafu, na udongo wa kando ukawa tope. Jirani yake, mzee Mayunga, alitoka nyumbani baiskeli ikiwa begani. Wagonjwa walivushwa mgongoni.

Nyanjige alimwendea msimamizi wa vibarua.

"Baba, mtafukia lini?"

"Mimi nimeajiriwa tu, mama. Bosi yuko Mwanza."

Alikwenda ofisi ya mtaa. Huko akaambiwa, "Siku hizi kazi ni za wakandarasi, si za serikali. Sisi tufanyeje?"

Majirani nao walilalamika, kila mtu kivyake, mlangoni kwake.

Ijumaa moja Nyanjige alikuwa akimvusha ng'ombe kwenda malishoni. Ukingo ukabomoka. Ng'ombe akatumbukia, mguu ukavunjika. Watu wanane walimvuta kwa kamba, wakashindwa. Mchana Mayunga aliagiza kisu. Nyanjige akaingia ndani, akamziba Jenifer masikio.

Tangu siku hiyo hakutaka kusema na mtu. Uji ukawa wa maji na chumvi. Jenifer alikisukuma kikombe, akalia mpaka sauti ikamkauka. Bibi yake alimtazama tu.

Mboni, mwenye duka la vitenge, alikuja kumpa pole. Zamani alikuwa karani wa idara ya ujenzi, kabla ya kupunguzwa kazini.

"Mwadila, mayu," alisalimu kwa Kisukuma chake cha dukani, akimwita mama.

"Mwadila. Sisi tumekwisha, dada Mboni."

"Mkandarasi ana mkataba. Aliyempa kazi ndiye anayemsimamia, naye ni mhandisi wa maji wa wilaya."

"Nimesema mpaka mate yamenikauka."

"Umesema, lakini hujaandika. Tena ulikwenda peke yako."

Jioni ile majirani walikaa barazani kwa Nyanjige. Mboni aliandika tarehe, mahali na madhara yote. Aliandika wanachotaka: mbao imara za kuvukia kila mlango, uzio kando ya mtaro, na kufukia mara tu bomba likishalazwa. Wote walitia sahihi. Nyanjige, asiyejua kuandika, aliweka dole gumba.

"Nakala ibaki kwetu," alisema Mboni, "na ipigwe muhuri kwamba imepokelewa."

Barua ikapelekwa ofisini kwa mhandisi, na nakala ikarudi na muhuri. Siku kumi na nne zilipita. Kimya.

"Nilijua," alisema Nyanjige. Hakuinuka kitandani siku hiyo.

Mboni aliandika barua ya pili. Safari hii watu ishirini waliipeleka pamoja, na Nyanjige akavutwa mkono.

"Mimi sijaona barua yoyote," alisema mhandisi.

Mboni akaiweka mezani nakala yenye muhuri wa ofisi yake. Mhandisi aliisoma mara mbili. Kesho yake alikuja na buti, akausimamia mtaro, akamwita mkandarasi.

Mbao zikawekwa wiki ile. Mwezi haukuisha, bomba lilikuwa limelazwa na njia imefukiwa. Mayunga akaipanda baiskeli yake kuanzia mlangoni.

Ng'ombe hakulipwa. Mkandarasi alisema mnyama alikuwa akizurura. Waliandika barua ya tatu, na hiyo haijajibiwa mpaka leo. Jenifer anapata nusu kikombe cha maziwa kwa mke wa Mayunga, siku ambazo yapo.

Vibarua walipohamia mtaa wa pili, wanawake wa huko walikuja kwa Nyanjige.

"Tufanyeje, mayu?"

Aliwaambia yote, tangu tarehe mpaka muhuri. "Andikeni sasa," alisema. "Mimi nilichelewa."

Siku ya kuchimba alikwenda kutazama. Mbao zilishushwa kwanza, moja kila mlango. Kisha sururu zikaanza.