Koti Alilolishona Zubeda

Ilianza Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Assia aliiandika saa hiyo daftarini, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Hata nyumbani kwao Buyenzi aliandika juu ya mfuko wa sukari tarehe ulipofunguliwa. Alifungua kabati la joto la maabara ya hospitali, lile ambamo usaha wa wagonjwa huoteshwa kwenye visahani, na harufu ya marakuja, matunda ya pasheni, yaliyoiva kupita kiasi ikampiga usoni.

"Nani analeta marakuja mu labo?" aliuliza Gélase, mkuu wake, bila kuinua macho. "Mi nilifikiri hapa tunafuga wadudu tu."

Harufu ilitoka kwenye kisahani cha mzee Fortunat, mlinzi wa nyumba moja ya Kibenga, mtaa wa kando ya ziwa. Ziwa lilipopanda na wenye nyumba wakahama, yeye alibaki kulinda, maji yakimfika magotini, mpaka kidonda cha mguu kikamlaza hospitalini wiki tatu. Juu ya kisahani chake Assia alikuwa amepanga karatasi tano za mviringo, ndogo kama vifungo vya shati, kila moja na dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, wadudu hawaisogelei. Hubaki duara safi kuizunguka, kama duara la chumvi ambalo bibi yake alikuwa akizungushia kitanda cha mzazi ili jini lisivuke.

Siku hiyo lilibaki duara moja tu. Kwenye karatasi nne utando wa kijani ulikuwa umefika hadi ukingoni. Na alipokuwa anatazama, kifuniko cha kisahani kikainuka kidogo na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Umeona?" alinong'ona.

"Ni upepo ya mulango," alisema Gélase.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Assia aliteremsha madaftari ya zamani kutoka rafuni. Mwaka 2015 safu zilijaa herufi S: mdudu amesikia dawa. Miaka iliyofuata R ikaingia, moja hapa, moja pale: mdudu hasikii. Mwaka huu zilikuwa R, R, R, R, halafu S moja ya mwisho. Ilikuwa kama kusoma habari za nyumba ambayo kila mwaka mtu amevunja mlango mmoja na kuingia chumba cha ndani zaidi.

Fortunat alikufa Alhamisi. Ijumaa, dada yake Assia, Zubeda, alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, katika wodi ya upande mwingine wa uwanja.

Tangu utoto Assia alimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Mama yao alipofariki, Zubeda ndiye aliyemlea, akamsomesha hadi chuo kikuu kwa cherehani moja iliyokaa barazani mwa duka la vitambaa, mtaa wa Asiatique. Assia alipopata kazi, Zubeda alimkataza asinunue koti la maabara. Alimshonea mwenyewe, jeupe, mishono miwili miwili.

Mlangoni mwa wodi ya wazazi alisimama Loïc, mlinzi aliyezuia dunia nzima mpaka saa kumi jioni, isipokuwa koti jeupe. Kwa hiyo kila adhuhuri Assia alitoka mezani kwake, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni, akavuka uwanja na koti mwilini. Angelivua, angerudishwa. Alimwinamia Yaya, akamnyooshea kitenge tumboni, akakitazama kitambaa cha kidonda.

"We Assia," alisema Zubeda siku ya nne, akicheka kidogo. "Unanuka marakuja. Unakula bila mi?"

"Apana, Yaya. Ni sabuni."

Jioni ile homa ikapanda. Asubuhi kitambaa cha kidonda kilikuwa na doa la kijani. Assia alichukua usaha kwa mkono wake mwenyewe, akitumia pamba ya kijiti.

Kisahani cha kwanza kilikuwa cha kuotesha wadudu tu. Cha pili, chenye karatasi tano, kingesomwa Ijumaa. Alhamisi saa nane mchana, Assia akiwa kando ya kitanda, mawingu mazito yalifunga dirisha, mvua ikanyesha, umeme ukakatika, na wodi ikawa nyeusi kama ndani ya pipa. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza ghafla, kisha wanawake wote wakanyamaza, kisha ikasikika sauti kutoka kitanda cha Zubeda, sauti nene na ya maji, kana kwamba mtu anasema akiwa chini kabisa ya kisima, na Zubeda, ambaye maisha yake yote aliita kila dawa kidonge tu, alikuwa amekaa wima na macho wazi, harufu ya marakuja ikimtoka kinywani, akizitaja dawa za zile karatasi moja baada ya nyingine kama mtu anayekumbuka vyakula vya karamu:

"Seftazidimu, nilikula. Jentamisini, nilikula. Siprofloksasini, nilikula. Amikasini, nilikula." Akatabasamu, na tabasamu halikuwa lake. "Imipenemu ndiyo imebaki. Leo nitakula."

Asubuhi Assia alifungua kabati. Karatasi tano. Hakuna duara hata moja.

Gélase alikiinua kisahani kwenye mwanga, akakirudisha. "Pole, mutoto wangu," alisema. "Waambie batu ba nyumbani."

Jioni bibi yao alimleta Maalim Ilyasi, fundi wa redieta za magari aliyestaafu ambaye alishaisomea nusu ya Buyenzi visomo vya kutoa majini. Alisimama kando ya kitanda, akasoma kwa sauti ya chini, akasita katikati, akafunga kinywa. Akamvuta Assia dirishani.

"Jini hili haliogopi maneno," alinong'ona. "Limesomewa mara nyingi na watu walioacha nusu njia. Jini ukilitoa nusu, linarudi linajua maneno yako."

"Limetoka ziwani, Maalim? Na yule muzee mulinzi wa Kibenga, aliyekufa na kidonda, alikuwa nalo?"

"Labda. Lakini jini haina miguu. Inapanda mutu, huyo ndiye kiti chake. Nani alitoka kwa ule muzee akafika huku?"

"Hakuna. Yeye alikuwa wodi ingine. Hakuna mutu ali—"

Akautazama mkono wake. Pindo la mkono wa kulia wa koti lake lilikuwa limefumuka, uzi ukining'inia. Kwenye uzi kulikuwa na rangi ya kijani, kidogo sana, kama ya jani lililosagwa. Maalim naye aliiona. Alirudi nyuma hatua moja.

Jumamosi saa sita mchana homa ilimwachia Zubeda kwa dakika chache, akawa Zubeda tena. Alimtazama mdogo wake aliyesimama mbali, miguuni pa kitanda, koti bado mwilini, maana bila hilo Loïc asingempitisha.

"Mbona unasimama kule?" aliuliza. "Koti yako imefumuka mukono. Vua, lete nikushonee."

Mkono wa Zubeda ulibaki umenyooshwa, vidole viwili vimebanana kama vimeshika sindano, hadi ulipoanguka wenyewe juu ya shuka.

Walimzika kabla ya jua kuzama.

Jumapili, tarehe 26, saa moja asubuhi, mtoto wa Zubeda alilia nyumbani. Assia akainuka kumchukua. Mikono yake ilikuwa imeshamfikia aliposikia harufu ya marakuja, tamu, ya karibu. Koti lilikuwa limefungwa ndani ya mfuko, nje, uani. Akaleta viganja puani. Akavirudisha nyuma taratibu, akamwita bibi yake aje amchukue mtoto.

Kisha akaenda maabara, peke yake. Hakuvaa koti. Alipitisha pamba ya kijiti kwenye viganja vyote viwili na katikati ya kila kidole, akaipaka kwenye kisahani, akageuza kisahani, akaandika tarehe, akaandika saa. Penye jina la mgonjwa aliandika lake.