Baraza la Mzee Hasani

Kila siku Mwamvita alikuwa anakaanga vitumbua barazani, pale mjini Musoma, kwenye kona ya mtaa wa mafundi. Mtaa ulikuwa mwembamba, umejikunja. Ukipita lazima upunguze mwendo, utoe salamu, uulizwe mtoto kaamkaje. Na akifa mtu wa mtaa huo, jeneza lilikuwaga linatuliwa kwanza kwenye baraza la mumewe, Mzee Hasani fundi cherehani, majirani waombane radhi, ndipo liende msikitini.

Mwaka wa tisini na moja, biashara zilipofunguliwa, akatokea Leonardi. Alitoka Kibara na pesa ya sangara na suti ya mtumba iliyombana makwapa, akafungua duka mwisho wa mtaa. Lori lake likakwama kwenye kona. Mwenye akili angenunua mkokoteni. Yeye akanunua kibali cha kuvunja baraza, akamfuata Mwamvita.

"Mama, hapa tunanyoosha. Mtaa wa kisasa haupindi."

"Baba, Hasani yuko ndani, mgonjwa. Subiri basi nimzike. Jeneza lake litatuliwa wapi?"

"Si chini tu? Chini kuna nafasi tele."

Akacheka. Meno mengi, kichwani upepo.

Baraza likavunjwa Jumanne. Mtaa ukanyooka, ukapanuka, jua likajaa. Watu wakawa wanapita kama wanafukuzwa. Salamu ziliisha wiki hiyo hiyo. Usiku wa Alhamisi, Hasani akafa.

Ijumaa saa sita mchana wabebaji wanne walitoka na jeneza. Walipofika pale lilipokuwa baraza, wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame.

Nyuma yao Leonardi, ndani ya lori, anapiga honi. Maiti anapigiwa honi!

"Songeni!"

"Haliendi," alinong'ona Hamduni, mbebaji wa mbele. "Limekuwa zito."

Leonardi akashuka, akamsukuma, akaingiza bega lake. "Nyie mmezoea kukaa barazani. Tazameni mwanaume."

Likaenda. Jepesi kama pamba.

Hasani akazikwa. Watatu walirudi mabega matupu.

Kesho yake saa sita, Mwamvita, yuko eda, alichungulia dirishani. Mwamvita si mwongo, hana hata muda wa uongo. Leonardi alikuwa anakuja katikati ya mtaa wake mnyoofu. Bega la kulia limeshuka. Mkono umeshika kitu hewani. Akafika pale. Akasimama. Akatazama kushoto, kulia. Jasho linamdondoka.

"Mama," alinong'ona. "Nitue wapi?"

"Chini kuna nafasi tele."

"Chini hakubali."

Mwamvita akafunga dirisha.

Akaja tena kesho yake. Na kesho yake. Suti imechanika begani. Halafu ngozi. Siku ya saba hakuja. Ndugu zake walikuja kumchukua, wakakuta duka wazi, lori limejaa samaki waliooza. Yeye hayupo. Hawajamwona mpaka leo.

Mtaa bado umenyooka, mbaya vilevile. Lakini pale kwenye kifusi pana vishimo vinne vya miguu ya jeneza. Watu wa mtaa wakafukia kwa mawe. Wakafukia kwa saruji. Asubuhi viko wazi. Kando yake kuna alama ya kiatu cha mwanaume, kisigino kimezama, kama cha mtu aliyebeba.

Mwanzoni ilikuwa inaelekea msikitini.

Siku hizi inaelekea mlango wa Mwamvita.